Seremala wa Munich na dakika 13

Asanteni sana, na nyie mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele. Mada mmeiona, majaribio ya kumuua Hitler yaliyoshindikana. Hitler mwenyewe sina haja ya kumweleza. Naenda moja kwa moja kwa Georg Elser, na walionisikia siku zingine walishajua nitaanza naye, na nitaendelea kumtaja mpaka jina lake lizoeleke.

Maana kila nikiuliza nani alijaribu kumuua Hitler naambiwa Stauffenberg, kanali, Julai 1944. 1944 jamani! Watu mamilioni wameshakufa, makambi yameshafanya kazi yake. Elser bomu lake lililipuka tarehe 8 Novemba 1939, vita ina miezi miwili tu, babu zetu wa KAR, lile jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, hata Abisinia hawajapelekwa. Na kupanga alianza mwaka mmoja nyuma, hata hiyo vita yenyewe haijaanza.

Ni nani sasa? Fundi seremala. Hana cheo, hana kundi, hana mtu wa kumpa siri za serikali. Aliangalia mshahara wake tu. Baadaye aliwaambia wapelelezi kwamba seremala mwaka 1929 alilipwa marki moja kwa saa, sasa analipwa senti 68, na mfanyakazi hawezi hata kubadilisha kazi anavyotaka. Na vita aliiona inakuja. Majenerali waliokuwa na ramani na ripoti zote mezani wengi wao bado walikuwa wanapiga saluti.

Sasa sikilizeni alivyofanya, hapa naomba msiniharakishe. Kila tarehe 8 Novemba Hitler alikuwa anahutubia kwenye ukumbi mmoja wa bia Munich, Bürgerbräukeller, na nyuma ya jukwaa kuna nguzo. Elser akaenda kuomba kibarua kwenye machimbo ya mawe huko kwao Königsbronn, akawa anachomoa baruti na vipasulio kidogo kidogo. Agosti 1939 akahamia Munich. Usiku anaingia ukumbini kama mteja, anakula, watu wakianza kuondoka anapanda juu kwenye roshani anajificha, mlango ukifungwa anatoka. Anapiga magoti kwenye ile nguzo, tochi ameifunika leso ya bluu mwanga usionekane, anachimba. Kwenye mbao zilizofunika nguzo alitengeneza kamlango, ukikafunga huoni kitu, ufundi huo! Vyoo vya ukumbi vilikuwa vinajimwagia maji vyenyewe, basi akitaka kugonga kwa nguvu anasubiri kelele ya maji. Vifusi anabeba nje kwenye sanduku. Alifanya hivyo usiku zaidi ya 30, mpaka magoti yakavimba yakaoza, na magoti hayo ndiyo yaliyomponza kwa wapelelezi, walimwambia avue waone.

Ndani akaweka saa mbili, moja ikizingua nyingine ipo, na pembeni akazungushia koki, kitu kile kile cha vizibo vya chupa, ili mlio usisikike. Akaondoka kwenda kwa dada yake Stuttgart. Halafu akarudi, usiku wa tarehe 7, kuweka sikio kwenye nguzo asikie kama bado zinatembea. Mtu huyu nauli yenyewe ya kuomba!

Bomu alilitegea saa 3:20 usiku. Miaka mingine Hitler alikuwa anaanza saa mbili na nusu anaongea mpaka saa nne. Mwaka ule ukungu ukaja, ndege ikawa haiaminiki, ikabidi awahi treni ya kurudi Berlin, kwa hiyo akaanza saa mbili, akamaliza saa 3:07 akaondoka. Dakika 13 tu. Bomu likalipuka kwa dakika yake kamili, dari ikashuka pale pale aliposimama.

Kuna watakaoniambia Mungu alimlinda. Hitler mwenyewe ndiye aliyekuwa anapenda kusema hivyo, sasa mimi simsaidii kuhubiri. Ulikuwa ukungu, ndugu zangu, ukungu wa Novemba.

Mwingine ataniambia Elser aliua watu wengine. Ni kweli, walikufa wanane na zaidi ya 60 walijeruhiwa, na mmoja wa waliokufa ni mhudumu wa kike aliyekuwa kazini kwake. Hilo si dogo na sitalifanya dogo. Ila bomu la Stauffenberg nalo liliua wanne, akiwemo karani aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao, mbona swali hilo kanali haulizwi? Kwa nini anaulizwa seremala tu?

Na baada ya vita hawakumwacha hivi hivi. Wakasema alitumwa na Manazi wenyewe, wengine Waingereza, kwa sababu hawakuamini fundi mmoja anaweza. Mpaka hati za mahojiano yake zilipopatikana miaka ya 1960 ndio wakaanza kunyamaza.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, wengine haraka haraka. Bavaud, kijana wa Uswisi, 1938 alienda na bastola, watu wakainua mikono kupiga saluti wakamziba, walimkata kichwa 1941. Machi 1943 Tresckow, ofisa wa jeshi la Ujerumani lenyewe, aliweka bomu kwenye ndege ya Hitler, limefungwa kama chupa za pombe, halikulipuka. Wiki moja baadaye ofisa mwenzake Gersdorff alijivika mabomu kwenye maonyesho Berlin, Hitler akapita mbio mbio akatoka, jamaa akakimbilia chooni kuyazima. Stauffenberg mnamjua, mkoba wenye bomu ulisogezwa nyuma ya mguu wa meza, namruka.

Elser alikamatwa Konstanz mpakani na Uswisi saa 2:45 usiku ule ule, bomu halijalipuka bado, mfukoni ana postikadi ya ule ukumbi. Walimfunga miaka mitano na zaidi, wakampiga risasi kwenye kambi ya mateso ya Dachau tarehe 9 Aprili 1945, siku 20 kabla Wamarekani hawajaingia kambini. Stauffenberg alipewa mtaa Berlin 1955. Elser mnara wake Berlin umesimamishwa 2011. Hebu nielezeni hiyo miaka 56 katikati ni ya nini. Maswali sasa, aanze yule dada wa kule nyuma.