Kufunika sakafu ya mbao ya zamani bila kuiozesha

Assalaam aleikum, karibuni. Leo niko ghorofani, nyumba ya zamani hapa Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Tazameni chini: mbao za msaji, pana, zimepigiliwa juu ya boriti. Mwenye nyumba ataka kupangisha chumba hiki, na hataki vitanda vya chuma viikwaruze sakafu ya babu yake. Ameniambia, "Fundi, nifunikie, lakini wajukuu waje waikute." Basi kila tutakachoweka leo lazima kiweze kutoka.

Kabla ya yote, njooni hapa mlangoni. Palikuwa na mkeka wa plastiki. Nainua pembe hii... mwaona? Ubao umekuwa mweusi, na uvundo wake ndio huo. Viatu havikufanya haya, ni unyevu uliokosa pa kutokea. Joto la Mombasa mwalijua. Jaribu kulala umejifunika nailoni. Mimi mwenyewe niliwahi kutandika kwangu zulia lenye mgongo wa mpira, likaacha doa la manjano ambalo mpaka leo liko.

Kazi hii ifanye Januari au Februari, wakati wa kaskazi, mbao zikiwa kavu. Masika ikishaingia, ngoja.

Anza kwa kukagua. Chukua bisibisi, gonga kwa mpini, ubao baada ya ubao. Sikilizeni huu... sasa huu. Wa pili walia kama debe tupu, yaani ndani huenda umeliwa. Tafuta njia za udongo za mchwa pembeni, na unga laini wa dumuzi, wadudu watoboao mbao. Ukiviona, usifunike kitu mpaka wadudu watibiwe.

Misumari iliyochomoza izamishe kidogo tu, usiing'oe, maana hutoka na kipande cha mbao. Fagia, kisha pitisha brashi laini kwenye nyufa. Chembe ya mchanga ikibaki chini itasaga kila mtu akipita. Pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, uache hadi kesho.

Sasa tandaza karatasi la kaki, kila kipande kikipanda juu ya mwenzake upana wa kiganja. Selotepu ishike karatasi kwa karatasi. Kwenye mbao isiguse kabisa, gundi yake huharibu vanishi.

Juu yake hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ya milimita 3, upande laini juu, viungo vipishane kama matofali. Hakuna msumari.

Mwisho ni lamineti ya kubana, vipande vya sakafu vinavyoshikana vyenyewe bila gundi wala msumari, milimita 8. Pakiti zilazwe chumbani humu saa 48 kabla hujazifungua. Dukani watakupa na sponji la plastiki la kutandika chini, hilo waachie. Lamineti ielekee kukata mbao za zamani, isifuatane nazo. Pembeni mwa kuta zote acha milimita 10, kwa sababu unyevu ukija huvimba, na ikikosa nafasi itainuka katikati kama mgongo wa ngamia. Skatingi ya kuficha mwanya huo ishikiliwe na ukuta, si sakafu.

Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: sakafu imepanda milimita 11 na kidogo, mlango umekwama, mtu anachukua randa. Jamani! Mlango huu umetuzidi umri sote. Ikomeshe lamineti kabla ya pale mlango unapozungukia, maliza kwa kipande cha ubao kilichorandwa mshazari.

Na deki. Twapenda kumwaga ndoo nzima na kusukuma kwa ufagio. Hapa usithubutu, maji yatapenya viungo, na jirani wa chini atanyeshewa ndani ya nyumba. Kitambaa kilichokamuliwa chatosha.

Safu ya mwisho nimeipanga iwe upande wa dirisha makusudi. Kila Januari toa skatingi ya upande huo, fungua safu mbili, inua hadibodi na karatasi, upige magoti unuse. Ukisikia uvundo, fungua chumba kizima.

Kijana wangu, lete penseli. Kabla hatujaziba, andika juu ya hadibodi mwezi, mwaka, na maneno haya: "Msaji uko chini, hakuna gundi."