Meko ya Kuotea Moto na Moshi Unaorudi Ndani

Shikamooni wazee wangu. Nanyi mafundi wenzangu na wenye nyumba mlioacha shughuli zenu jioni ya baridi kama hii, nawashukuru kwa kuja.

Kila mwaka ifikapo Juni, mawingu yanapoufunika Mlima Meru na watu wa Ilboru na Sakina hapa Arusha wakaanza kuvaa masweta hata mchana, huwa naulizwa swali moja na watu wasiojuana kabisa: meko imejengwa, marumaru imepangwa vizuri, fundi amelipwa na kuondoka, lakini moto ukiwashwa moshi unajaa sebuleni. Nitalijibu swali hilo kwa urefu, na mengine nitayagusa kadiri yanavyohusiana nalo, kwa sababu naamini makosa karibu yote ya meko huanzia mahali pamoja. Tunaichora meko kwa ajili ya macho ya wageni, na njia ya moshi tunaikumbuka wakati kuta zimeshafika kwenye linta.

Wazee wetu Wameru na Wachagga walikota moto ndani ya nyumba za nyasi zisizo na dohani, na wala hawakuwa wajinga. Mafiga yalikaa ndani, kuni zilianikwa darini juu ya moto, na moshi ulipanda taratibu ukapenya kwenye nyasi za paa, ukizikausha na kuwafukuza wadudu wanaozila. Macho yaliwasha, hilo halina ubishi, lakini paa lenyewe lilikuwa likipumua. Sisi tumeezeka mabati, tukapiga dari ya jipsamu na kufunga madirisha ya vioo yasiyopitisha upepo. Ndani ya nyumba ya namna hiyo moshi hauna pa kutokea isipokuwa pale tulipoutengenezea.

Dohani, ambayo mafundi wengi huiita chimni, hufanya kazi kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Hewa iliyopata joto ndani yake hupanda, na hewa ya chumbani huingia kwenye meko kujaza nafasi iliyoachwa. Kadiri dohani inavyokuwa ndefu na kadiri moshi uliomo unavyokuwa wa moto kuliko hewa ya nje, ndivyo mvuto unavyoongezeka. Hapa Arusha tuko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, na kwa hiyo mvuto wa dohani ileile hupungua. Fundi anayenakili vipimo vilivyotengenezwa kwa nchi za pwani anapaswa kuirefusha dohani yake; urefu wa mita 4.5 kutoka sakafu ya meko hadi kileleni, ambao wengi huuchukua kuwa kiwango cha chini, kwetu mimi nauona hautoshi.

Sasa tuje kwenye mdomo wa meko, na hapa naomba tutulie. Eneo la njia ya moshi lisipungue sana chini ya sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo. Ukijenga mdomo wenye upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 75, umepata sentimita za mraba 6,750. Sehemu yake ya kumi ni 675, yaani njia ya mraba yenye sentimita 26 kila upande. Nilipokuwa fundi kijana niliijenga meko moja yenye mdomo wa mita moja na nusu, kwa kuwa mwenye nyumba aliipenda hivyo na mimi sikuwa na ujasiri wa kumkatalia, kisha nikaitolea njia ya sentimita 20 kwa 20. Familia ile iliwasha moto mara mbili tu. Nilirudi, nikaupunguza mdomo kwa kuinua sakafu yake tabaka mbili za matofali na kuzisogeza kuta za pembeni, na bado haikuvuta kama inavyotakiwa, maana njia ya juu ilikuwa imeshafungwa ndani ya ukuta. Jambo hilo linanisumbua hadi leo, na ndilo lililonifundisha kuanza kuchora kutoka paani kushuka chini.

Aliyeitafakari meko kwa makini kuliko wengi ni Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyejulikana Ulaya kama Count Rumford, ambaye mwaka 1796 alichapisha maelezo yake kuhusu meko za London zilizokuwa zikijaza vyumba moshi. Aliona kwamba meko zile zilikuwa na kina kirefu mno na koo (ule mwanya ulio juu ya moto, moshi unapoingilia dohani) pana mno, hata joto karibu lote likapanda juu pamoja na hewa ya chumba. Akapunguza kina, akazilaza kuta za pembeni zifunguke kuelekea chumbani, na akaibana koo ibaki takriban sentimita 10 kutoka mbele hadi nyuma. Kwa kipimo chake, ukuta wa nyuma huwa theluthi ya upana wa mdomo, na kina kinalingana na ukuta huo: kwa mdomo wa sentimita 90, nyuma ni 30 na kina ni 30. Mwenye nyumba akiona kina hicho hudhani kuni zitadondoka sakafuni. Hazidondoki zikiwa fupi na zikisimamishwa kidogo, na ukuta uliolazwa huurudisha mbele mnururisho wa joto ambao ungepotelea kwenye masizi. Hata hivyo tusidanganyane: meko ya wazi hukuachia sehemu ndogo tu ya joto la kuni zako, na anayetaka kupasha nyumba nzima kwa kuni chache afunge jiko la chuma lenye mlango na bomba lake.

Kuhusu paa nitasema kwa ufupi. Dohani ivuke paa kwa sentimita 90 pale inapotokea, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko chochote kilicho ndani ya mita tatu, la sivyo upepo unaoshuka kutoka kwenye kofia ya paa utausukuma moshi chini. Mbao za kenchi zisiguse dohani. Acheni angalau sentimita tano. Sakafu isiyoungua ienee sentimita 50 mbele ya mdomo wa ukubwa niliotaja na 30 kila upande. Ndani ya chumba cha moto tumieni matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga, kwa kuwa saruji hupasuka kwa joto kali. Na yale mawe ya mviringo ya mtoni, yanayopendeza sana, yakae mbali na miali: maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke na jiwe linaweza kulipuka.

Kuni ziwe zimepasuliwa na kukaushwa miezi sita au zaidi. Kuni mbichi hutoa moshi wa baridi usio na nguvu ya kupanda, na huacha ndani ya dohani utando mweusi kama lami ambao siku moja unaweza kushika moto. Dohani isuguliwe kila mwaka kabla ya baridi kuanza.

Kuna mama aliyeniuliza pale mlangoni kama, meko ikishindikana, anaweza kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku. Mama yangu, nakusihi usifanye hivyo, hata kwa usiku mmoja. Mkaa unaowaka bila moshi hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na aliyelala hapati dalili ya kumwamsha. Blanketi la pili ni salama kuliko jiko hilo.

Waliokuja na michoro waiweke hapa mezani. Tutapima mdomo kwanza, kisha tutafuata njia ya moshi hadi juu ya paa.