Dakika Ishirini kwa Upande: Kwa Nini Albamu Kongwe za Roki Hazichuji

Mabibi na mabwana, karibuni. Kabla sijaweka muziki wowote, shikeni namba moja: 741. Ndizo wiki ambazo albamu ya bendi ya Pink Floyd, The Dark Side of the Moon, ilikaa kwenye orodha ya albamu 200 ya jarida la muziki la Billboard nchini Marekani kati ya 1973 na 1988. Mtoto aliyezaliwa mwezi ilipotoka alifikia umri wa sekondari ikiwa bado inanunuliwa.

Wengi hulieleza jambo hili kwa kusema wazee wanakumbuka ujana wao. Maelezo hayo hayanitoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya wanaoisikiliza leo hawakuwa wamezaliwa. Tena tusisahau kwamba miaka ileile ilitoa mamia ya albamu dhaifu ambazo hakuna anayezitaja. Zilizobaki zilibaki kwa jinsi zilivyotengenezwa, na jioni hii nataka tuingie studio tuone mikono ikifanya kazi. Mtaona kwamba kilichozijenga ni uhaba: dakika chache kwenye santuri, treki chache, yaani njia sambamba za kurekodia sauti, kwenye mkanda.

Tuanze na santuri. Santuri ndefu ya inchi 12, inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, ililetwa sokoni na kampuni ya Columbia mwaka 1948. Kila upande una mfereji mmoja tu, unaojizungusha kutoka ukingoni kwenda katikati. Sauti nzito ya besi huifanya sindano ya kuchongea iyumbe sana kushoto na kulia, kwa hiyo mfereji hula nafasi pana. Ukitaka kubana dakika nyingi kwenye upande mmoja, huna budi kushusha sauti au kukata besi. Na ukishusha sauti, mchakacho wa plastiki yenyewe unaanza kusikika. Dakika 20 hadi 22 ndicho kipimo salama. Ukifika 25, besi ndiyo inayolipa.

Kuna tatizo la pili ambalo wasikilizaji wengi hawalijui. Ukingoni mwa santuri, sindano hupita kwenye sentimita 50 hivi za mfereji kila sekunde. Karibu na lebo ni sentimita 21 tu, kwa kuwa duara limekuwa dogo ilhali mzunguko ni uleule. Sauti nyembamba, kama matoazi na zile “s” za mwimbaji, zinabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu ya ile ya mwanzo, na ndipo unaposikia “s” zikikwaruza. Ndiyo maana maprodyuza wengi walifungua upande kwa kibao kikali na kuufunga kwa wimbo mtulivu au unaofifia. Upande wa kwanza wa Dark Side unamalizikia kwenye piano na sauti ya mwanamke inayopungua taratibu. Led Zeppelin walikwenda kinyume na kanuni hiyo: albamu yao ya nne, ya 1971, inafungwa na When the Levee Breaks, dakika saba za ngoma nzito kandokando ya lebo. Kwenye santuri mbovu au sindano iliyochakaa, huo ndio wimbo utakaokuumbua.

Uhaba wa dakika ulilazimisha watu kukata, na kukata kunauma. Stevie Nicks wa Fleetwood Mac aliandika Silver Springs kwa ajili ya Rumours, albamu iliyotoka Februari 1977. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko nafasi iliyobaki, ukaondolewa, ukaishia upande wa nyuma wa santuri ndogo ya Go Your Own Way. Ni miongoni mwa nyimbo bora alizowahi kuandika. Hata hivyo, tazameni matokeo: albamu ya nyimbo 11, dakika 40 hivi, bila wimbo wa kujazia. Zama za CD zilipokuja na dakika zake 74, wanamuziki walijaza nafasi kwa sababu ipo, na albamu nyingi za miaka ya 1990 zina nyimbo tano ambazo hata waliozinunua hawazikumbuki.

Sasa mkanda. Mwaka 1967 The Beatles walirekodi Sgt. Pepper kwenye studio za EMI, mtaa wa Abbey Road, London, kwa mashine za treki nne. Treki nne zikijaa, fundi anazichanganya na kuzihamishia kwenye treki moja au mbili za mkanda mwingine, kisha anaendelea. Kila uhamisho unaongeza mvumo wa mkanda, na mchanganyiko uliokwisha kuhamishwa haurekebishiki tena: ukigundua kesho kwamba dramu ziko chini, umechelewa. Kwa hiyo prodyuza George Martin na fundi wake Geoff Emerick walikuwa wakiamua sura ya wimbo kabla haujafika nusu. Mwisho wa A Day in the Life piano kadhaa zinapigwa kwa pamoja, kodi moja tu, yaani noti kadhaa zikilia kwa mara moja, na kadiri mlio unavyokufa fundi anapandisha vitelezi vya sauti, hata kodi ile moja ikadumu zaidi ya sekunde 40. Ukisikiliza kwa spika za masikioni utasikia mpaka kiti cha studio kikilia na karatasi zikichakacha.

Kwenye Dark Side nitakaa zaidi, maana kila funzo la somo hili limo humo. Kwanza, Pink Floyd waliicheza jukwaani kabla ya kuirekodi. Mwanzoni mwa 1972 walikuwa tayari wakiipiga yote mbele ya watu, Februari wakiwa ukumbi wa Rainbow, London. Kurekodi kulianza katikati ya mwaka huo na kumalizika mwanzoni mwa 1973. Sehemu zilizochosha wasikilizaji zilijulikana mapema. On the Run, kwa mfano, jukwaani ilikuwa gitaa na kinanda vikijibizana. Studio ikageuzwa kuwa mlio wa sinthesaiza unaojirudia kwa kasi.

Pili, angalieni Money. Mlio wa mashine ya kuhesabia fedha unaoufungua haukutoka kwenye kompyuta, kwa sababu haikuwapo ya kufanya kazi hiyo. Walirekodi sarafu zikimwagwa bakulini, karatasi ikichanwa, droo ya mashine ikifunguka, kisha kila mlio ukakatwa kwa wembe kwa kipimo cha rula. Fanyeni hesabu nami. Mkanda ukienda inchi 15 kwa sekunde, yaani sentimita 38, pigo la nusu sekunde ni kipande cha sentimita 19. Wimbo una mapigo saba kwa kila mzunguko, kwa hiyo unahitaji vipande saba vilivyogundishwa kuwa kitanzi kimoja cha mita moja na sentimita 33. Kitanzi hicho ni kirefu kuliko mashine, kwa hiyo lazima kipitishwe kwenye nguzo ya stendi ya maiki ili kisilegee. Kipande kimoja kikizidi kwa sentimita moja tu, pigo hilo linachelewa na bendi nzima inachechemea. Sasa sikilizeni mwanzo wake, mhesabu saba kwa mkono, halafu mngoje gitaa la David Gilmour lianze solo: hapo mapigo yanageuka kuwa manne, na mwili unajua kabla ya akili.

Tatu, The Great Gig in the Sky. Wimbo hauna maneno. Jumapili moja ya Januari 1973 alikuja Clare Torry, mwimbaji wa kukodiwa, akaambiwa aimbe bila maneno juu ya kinanda cha Richard Wright. Aliimba mara chache, akalipwa pauni 30, akaenda zake. Kinachosikika kwenye albamu kimeunganishwa kutoka majaribio hayo. Ilimchukua hadi 2005, baada ya kwenda mahakamani, kukubaliwa jina lake liandikwe pamoja na la Wright kama mtunzi. Alistahili hilo siku ileile.

Fundi wa kazi yote hiyo alikuwa Alan Parsons, kwa treki 16. Saa zinazolia mwanzoni mwa Time alikuwa amezirekodi yeye, moja moja, kwenye duka la saa. Mapigo ya moyo yanayofungua na kufunga albamu ni dramu la mguu. Na ndani ya kila upande hakuna ukimya kati ya nyimbo. Kila wimbo unamkabidhi mwenzake.

Nirudi kwa Zeppelin, kwenye zile ngoma. Walirekodi Headley Grange, nyumba kubwa ya zamani huko Hampshire, studio ikiwa ndani ya lori la Rolling Stones lililoegeshwa nje. Fundi Andy Johns aliweka dramu za John Bonham kwenye ukumbi chini ya ngazi, akaning'iniza maiki mbili za Beyerdynamic M160 kutoka juu ngazini, akapitisha sauti kwenye mashine ya mwangwi ya Binson na kwenye kompresa, kifaa kinachobana sauti kubwa na kuinua ndogo. Kilichosikika ni nyumba nzima ikipigwa. Wimbo wenyewe ni wa Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, Wamarekani weusi waliourekodi mwaka 1929 kuhusu mafuriko ya mto Mississippi ya 1927, na yeyote anayewasifu Zeppelin awataje na hao. Tangu Beastie Boys walipoichukua dramu hiyo mwaka 1986, maprodyuza wa hip hop hawajaiacha. Wanaojaribu kuiiga nyumbani hushindwa kwa sababu moja: chumba cha mita tatu kwa nne chenye dari fupi hurudisha mwangwi mapema mno, kompresa inainua matoazi pamoja nao, na unabaki na kelele ya bati. Inatakiwa dari ndefu, maiki ya mbali, na mpigaji anayejua kupiga ngoma kwa nguvu na matoazi kwa upole. Bonham alijua.

Wa Zanzibar wanangoja nimtaje mtu wao, na ni haki yao. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Familia ikahamia Uingereza mwaka 1964, na dunia ikamjua kama Freddie Mercury. Bohemian Rhapsody ya bendi yake, Queen, kwenye albamu A Night at the Opera ya 1975, ina “Bismillah” katikati yake, neno ambalo mtoto yeyote wa Unguja analisikia kabla ya chakula. Sehemu ile ya kwaya ni watu watatu tu: Mercury, Brian May na Roger Taylor, wakijirundika juu yao wenyewe kwa wiki tatu, kwa treki 24 zilizohamishwa na kuhamishwa tena. Mkanda ulipita kwenye vichwa vya mashine mara nyingi hata ukawa unapitisha mwanga.

Hilo la mkanda kuisha lilikaribia kuiua Rumours. Rangi ya kahawia mnayoiona kwenye mkanda ni unga wa sumaku, nao ndio unaobeba sauti. Kila mkanda unapopita, chembe zinabanduka, na kinachotoweka kwanza ni sauti nyembamba. Baada ya miezi ya kuongeza gitaa na sauti, mafundi waligundua kwamba dramu zimefifia, hazina tena mng'ao. Walichookolewa nacho ni kwamba dramu na besi zilikuwa zimerekodiwa kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja, na mkanda wa pili ulikuwa umelala bila kuguswa. Lakini mashine mbili hazikimbii sawa kamwe. Fundi alivaa spika za masikioni, mkanda wa zamani sikio moja, wa pili sikio jingine, akawa anarekebisha mwendo kwa mkono mpaka dramu za kushoto na za kulia zikakaa pamoja, wimbo baada ya wimbo. Albamu iliyouza zaidi ya nakala milioni 40 ilipita kwenye tundu hilo la sindano.

Nigusie redio kwa haraka. Sheria ya Marekani iliyoanza kufanya kazi 1967 iliwataka wenye vituo vya AM na FM kwenye miji mikubwa wasirudie matangazo yaleyale kwenye FM kwa zaidi ya nusu ya muda. Vituo vya FM vikawa na saa nyingi za kujaza na sauti nzuri ya stereo, na watangazaji wakaanza kupiga nyimbo za dakika saba, hata upande mzima. Bila hilo, nyimbo nyingi ndefu zisingefika masikioni mwa watu.

Tumalizie na namna ya kusikiliza, maana kazi hii huharibiwa kirahisi. Kwenye simu, zimeni mpangilio wa kuchanganya nyimbo, na kipengele kinachofifisha wimbo mmoja na kuingiza mwingine. Vyote viwili vinavunja Dark Side. Kuweni waangalifu na matoleo yaliyosafishwa upya miaka ya 2000: mengi yamepandishwa sauti hadi sehemu ya kunong'ona ikalingana na ya kupiga kelele, na albamu hizi zinaishi kwa tofauti hiyo.

Mwenye santuri, uzito wa sindano uwe gramu 1.5 hadi 2, kama mtengenezaji wake alivyoelekeza. Wengi hudhani wepesi ni usalama, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuugonga. Msichomeke mashine ya santuri moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la redio: sauti ya sindano ni milivolti chache, tena besi yake ilipunguzwa makusudi wakati wa kuchonga, kwa hiyo inahitaji amplifaya ndogo ya santuri ya kuirudisha. Ukisikia muziki mwembamba, wa mbali, ndilo kosa lenyewe.

Na anayenunua iliyotumika aishike mshazari chini ya taa, apitishe ukucha. Mkwaruzo usiogusika kwa ukucha mara nyingi hausikiki. Toleo la kwanza la Dark Side la Uingereza lina namba SHVL 804, na pembetatu kwenye lebo imejaa rangi ya buluu. Matoleo yaliyofuata yana mistari tu. Ndani ya jalada kulikuwa na mabango mawili na stika mbili. Muuzaji akidai bei ya seti kamili, hesabuni hivyo vinne kabla ya kutoa fedha.