Saa ya Kwanza ya Kikundi

Ndugu wataalamu wenzangu, jambo hili nimelisema mara nyingi, na naona baadhi yenu mmeanza kutabasamu kabla sijalifikia: katika tiba ya kikundi kwa watu wenye wasiwasi, kikao cha kwanza tunakiharibu wenyewe kwa utaratibu wetu wa kila mtu kujitambulisha kwa zamu.

Mtazameni mgonjwa aliyeketi kiti cha sita. Zamu ingali kwa wa pili, naye tayari anarudia moyoni jina lake mwenyewe, jina alilolitumia maisha yake yote. Viganja vimelowa jasho, anahesabu waliobaki kabla yake, anaondoa neno hili na kuweka lile, na zamu inapomfikia anatamka maneno matatu kwa sauti iliyokauka. Mwulizeni baadaye wenzake walisema nini: hakumbuki, kwa sababu hakuwasikia. Ile nafuu ambayo wagonjwa huitaja sana, na ambayo Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani aliyeandika sana kuhusu tiba ya kikundi, aliihesabu miongoni mwa mambo yanayoponya kikundini, yaani kugundua kwamba kumbe si mimi peke yangu, imempita akiwa ameketi papo hapo.

Najua yupo atakayeniambia kwamba kuikabili hofu ndiyo tiba yenyewe. Sina ugomvi naye, ila kuikabili hofu kwa hatua ulizozikubali ni jambo moja, na kuviziwa ni jambo jingine kabisa. Hata katika utaratibu wa mwanasaikolojia Richard Heimberg kwa wenye hofu ya kijamii, yaani hofu ya kutazamwa na kuhukumiwa na watu, wenye vikao 12 vya takriban saa 2 na nusu chini ya waongozaji wawili, mgonjwa huelezwa kwanza wasiwasi unavyofanya kazi, ndipo mazoezi yenyewe yaanze. Sisi tunaanza na mtihani, kisha tunashangaa wiki ya pili viti vikiwa vitupu, na katika jalada tunaandika kwamba mgonjwa hakuwa na utayari!

Tukiiacha zamu hiyo, wapo watakaonyamaza, wala sisemi kwamba kila ukimya ni usikivu. Upo ukimya wa kujificha, nao hurefusha ugonjwa. Kuutofautisha na ule mwingine ni kazi ya mwongozaji, na humtaka azungumze na kila mgonjwa faraghani kabla kikundi hakijakutana.

Nilikusudia kuzungumzia pia utunzaji wa siri, na huzuni inayowapata wengi kikundi kinapovunjwa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Karatasi zinapitishwa: anayetaka kuuliza kwa sauti asimame, na anayependa kuandika aandike.