Kilimi changu, na mtoto ambaye hakukatwa

(Mhadhara kwa wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa mwisho na matabibu wa wodi, Tanga)

Habari za mchana. Najua wengine mmetoka wodini moja kwa moja, hata chai hamjanywa, kwa hiyo sitawaweka sana.

Kabla sijaanza naomba mmoja wenu aje hapa mbele na tochi. Wewe kijana wa shati la buluu, njoo. Nimulike kooni. Nafungua mdomo… haya, waambie wenzako umeona nini.

«Sioni kilimi, daktari.»

Ahsante, kakae. Hakipo kweli, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kilikatwa nikiwa na miaka minne, nyuma ya nyumba ya bibi yangu mzaa mama, chini ya mwembe. Nilikuwa nakohoa usiku mpaka natapika. Bibi akanipanua mdomo, akatazama, akatangaza kwamba kilimi kimerefuka, kinanitekenya kooni. Akaitwa mzee mmoja mwenye kisu kilichopinda kama mundu mdogo. Sikumbuki maumivu. Nakumbuka mikono ya mjomba ikinibana kichwa, na unga mchungu niliopakwa baadaye. Wiki mbili hazikuisha, kikohozi kikakoma. Bibi aliwasimulia majirani kisa hicho mpaka anafariki, na kila aliposimulia kulikuwa na mtoto mwingine aliyepelekwa kwa yule mzee.

Nilipoingia chuo nilifundishwa madhara yake: kuvuja damu, pepopunda, maambukizi, na watoto wenye kifua kikuu wanaocheleweshwa matibabu kwa sababu nyumbani wanasema kilimi kimeshakatwa, tusubiri. Nikamdharau yule mzee. Kisha nikawa daktari wa masikio, pua na koo, nikaanza kukata tonsesi. Mwaka wa pili au wa tatu mama mmoja akaja kunishukuru: mtoto wake alikuwa anaumwa koo kila mara, nikamkata, sasa hajambo. Nikafurahi. Usiku ule nilikosa usingizi, maana niligundua kwamba ushahidi nilionao mimi ni uleule wa bibi. Aliumwa, akakatwa, akapona.

Leo nazungumzia utafiti wa kitabibu katika fani yetu, na nimechagua tonsesi kwa sababu ni operesheni ya kale, ni ya kawaida sana, na historia yake inatuaibisha.

Uingereza, 1938. Daktari mmoja aitwaye Alison Glover alikusanya takwimu za watoto wa shule waliokatwa tonsesi, wilaya kwa wilaya. Akakuta wilaya mbili zinazofanana kwa hali ya hewa, kwa umaskini, kwa msongamano wa nyumba, moja inakata watoto mara nyingi kuliko nyingine, wala hakuna sababu inayoonekana. Mahali paitwapo Hornsey, 1928 walikatwa watoto 186. Mwaka uliofuata walikatwa 12. Tonsesi za watoto wa Hornsey hazikubadilika ghafla, jamani. Kilichobadilika ni daktari wa shule. (Kicheko.)

Sasa New York, 1934. Walichukuliwa watoto 1,000 wa shule, wenye umri wa miaka 11. Kati yao 611 walikuwa wameshakatwa. Waliobaki 389 wakapelekwa kwa madaktari, nao wakasema 174 wakatwe. Hapo pangeishia. Lakini wale 215 walioambiwa ni wazima wakapelekwa kwa madaktari wengine, ambao hawakuambiwa kwamba wameshapimwa. Wakasema 99 wakatwe. Waliobaki 116 wakapelekwa kwa kundi la tatu, na 51 wakaambiwa wakatwe. Fuateni hesabu: kila mara ni karibu nusu. Mtoto aliyetangazwa mzima mara mbili bado ana uwezekano uleule wa kuambiwa akatwe, kama aliyekuja mara ya kwanza. Mwisho walibaki watoto 65, na zoezi likasimama kwa kuwa hapakuwa na madaktari wengine wa kuwapima.

Mimi hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote katika fani yetu. Madaktari wale hawakuwa wezi, wala hawakuwa wajinga. Waliangalia koo, wakaona tezi nyekundu, na mkono wao uliozoea ukaandika ulichozoea kuandika.

Nyie wa hapa pwani mnajua maji kujaa na kupwa. Mzazi hamleti mtoto kliniki siku anayocheza mpira. Anamleta maji yamejaa: wiki ambayo mtoto hakulala, baada ya mwezi ambao alikosa shule mara tatu. Maji yakishajaa, yanafuata kupwa. Mkate tonsesi, mpe asali, mpeleke kwa yule mzee wa mundu, maji yatapwa. Kisha aliyekuwepo pale wakati wa kupwa ndiye anayepewa sifa. Kikohozi changu cha utotoni, kama kilikuwa cha mafua ya kawaida, kingeisha katika wiki mbili au tatu hata kama yule mzee angekuwa safarini.

Ndiyo maana tunamhitaji mtoto ambaye hakukatwa. Anayeumwa vilevile, anayefuatiliwa vilevile, na aliyeangukia upande wa pili kwa kura, si kwa sababu daktari alimwonea huruma au baba yake alikosa hela.

Pittsburgh, Marekani, Jack Paradise na wenzake walilifanya hilo kwa uvumilivu wa ajabu. Na kabla ya kupiga kura yoyote walifanya jambo dogo ambalo ningependa mlikumbuke kuliko jaribio lenyewe. Walichukua watoto 65 ambao wazazi walisema wanaumwa koo mara nyingi sana, lakini hakuna kumbukumbu za hospitali. Wakawaambia: sawa, tuwatazame tu mwaka mmoja. Matokeo yalichapishwa 1978. Katika mwaka ule, ni watoto 11 tu walioumwa kama ilivyoelezwa. Wazazi hawakudanganya. Usiku wa kukesha na mtoto ni mrefu, na ukihesabiwa baadaye unazaa usiku mwingine.

Jaribio lenyewe likatoka 1984. Walikubali watoto walioathirika vibaya tu, kwa kumbukumbu zilizoandikwa: mara 7 au zaidi katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Hapo ndipo zinapotoka zile 7, 5 na 3 mnazozikariri kwa ajili ya mtihani. Waliokatwa waliumwa kidogo kuliko wenzao kwa miaka miwili ya mwanzo. Operesheni inasaidia, basi. Ila wengi wa wale ambao hawakukatwa nao walipata nafuu, na walipougua waliugua kwa wepesi. Na jaribio la baadaye la haohao, la 2002, kwa watoto wasioathirika sana, faida ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba wenyewe waliandika kwamba haistahili kisu.

Kwa watu wazima, jaribio kubwa tulilisubiri mpaka 2023. Hospitali 27 za Uingereza, watu 453, kila wiki wanaulizwa koo linauma au haliumi. Katika miezi 24, mtu wa katikati katika kundi la waliokatwa mapema aliumwa koo siku 23. Kundi la waliosubiri, siku 30. Karibu mmoja katika kila watano wa waliokatwa alivuja damu baadaye. Mwenye kupima apime. Mwalimu anayepoteza sauti kila muhula anaweza kuzitaka siku hizo saba. Mimi nisingezitaka.

Kukoroma ni habari nyingine, na nitapita haraka. Watoto 464 wa Marekani, miaka 5 hadi 9, wanaozibwa pumzi usingizini. Matokeo yalitoka 2013: baada ya miezi saba, usingizi ulirudi kuwa wa kawaida kwa 79 katika kila 100 waliokatwa. Kwa waliosubiri, 46. Hiyo ni tofauti nzito, na ndiyo sababu mtoto anayekoroma na kukatika pumzi namkata bila kusitasita sana. Lakini nao hao 46, bila kisu! Na kipimo kikuu cha jaribio, umakini wa mtoto, hakikuonyesha tofauti.

Sasa nije nyumbani, maana kuna kitu kimoja majaribio hayo hayakukihesabu.

Yalihesabu siku za kuumwa koo. Hayakuhesabu moyo. Kule Uingereza na Marekani ugonjwa wa vali za moyo unaotokana na homa ya rumatiki umekuwa nadra. Kwetu ninyi mnawaona wodini, wasichana wa miaka 14 wanaohema kitandani. Koo la bakteria ya streptokoka ndilo mlango wake. Na dawa ya kuufunga mlango huo tunaijua tangu 1950, kutokana na utafiti kwenye kambi ya jeshi la anga huko Wyoming: askari 798 waliotibiwa koo kwa penisilini, wawili walipata homa ya rumatiki, 804 ambao hawakutibiwa, 17 waliipata. Sindano. Ile ambayo wagonjwa wetu wanaikimbia.

Kingine ni umbali. Damu ya tonsesi mara nyingi hurudi kati ya siku ya tano na ya kumi, usiku, mtoto yuko nyumbani. Uingereza walifuatilia wagonjwa karibu 34,000, 2003 hadi 2004, wakagundua kwamba njia za kukata kwa moto wa umeme zinafuatiwa na damu nyingi kuliko mkasi baridi na uzi. Wakabadilika. Lakini hata wale waliovuja walikuwa karibu na gari la wagonjwa. Mtoto wangu mimi yuko ng'ambo ya mto, mvua imenyesha, mwenye pikipiki amezima simu. Tarakimu ya hatari ikisafiri kutoka Uingereza mpaka hapa haifiki ilivyo.

Basi tufanye utafiti wetu. Na mtakapouanza mtakwama pale nilipokwama mimi, kwenye lugha. Nilimweleza mama mmoja kwamba mwanawe atapangwa kwa bahati nasibu. Akanikazia macho. «Daktari, mwanangu mnamchezea bahati nasibu?» Alikuwa na haki. Kwenye redio bahati nasibu ni mchezo wa pesa. Tangu siku hiyo nasema hivi: «Mama, tuna njia mbili, na sisi madaktari wenyewe tunabishana ipi bora. Tukichagua wenyewe tutapendelea. Kwa hiyo tunapiga kura, kama mnavyopiga kura ya kupokea hela kwenye mchezo wa vikundi.» Hapo anaelewa, kwa sababu anajua kura ya kikundi haina mjomba. Wapo wanaokataa, na wakikataa nawatibu vilevile.

Wengine wenu mko wachache, hamna fedha za utafiti. Anzeni na daftari la senti chache. Nawapa wazazi daftari: tarehe, joto, usaha kooni upo au haupo, siku ngapi alikosa shule. Rudi baada ya miezi sita. Baadhi hawarudi. Wengi wanaorudi wamejaza kurasa mbili, wananiambia kwa aibu kidogo kwamba kumbe si mara nyingi hivyo.

Nina dakika ya swali moja. Dada wa nyuma, mwenye mtandio wa kijani.

«Daktari, kama usingekatwa kilimi, unadhani ungekuwa tofauti leo?»

Pengine nisingekuwa naimba vibaya harusini. (Kicheko.) Lakini nitalithibitishaje hilo, dada yangu? Nilizaliwa peke yangu. Sina pacha aliyebaki nacho.