Kitabu Pepe Kimegoma Kufunguka? Fuata Njia Hii Ndani ya EPUB

Habari zenu watazamaji. Leo tunalifungua tumbo la kitabu pepe cha EPUB, tupite njia ileile inayopitwa na programu ya kusomea. Ukiijua njia hiyo, kitabu kikigoma utajua kimekwama wapi.

Kwanza, tengeneza nakala, na uchunguzi wote ufanyie humo. Futa .epub mwishoni mwa jina, weka .zip, kisha ifungue nakala hiyo. Umeona? Ni kifurushi tu cha zip: kurasa za XHTML, ndugu wa zile za tovuti, pamoja na picha na fonti.

Tafuta faili linaloitwa mimetype. Lina maandishi haya tu: application/epub+zip, herufi 20 ukihesabu na alama zake. Ni lazima liwe la kwanza kwenye kifurushi, tena lisibanwe. Ndiyo maana nakuomba usikifunge upya kitabu kwa zip ya kawaida ya kompyuta. Mpangilio huo huvurugika. Kwa marekebisho tumia Sigil, programu ya kuhariri EPUB. Ni ya bure, na inakifunga kitabu inavyotakiwa.

Ingia folda ya META-INF. Faili la container.xml linaonyesha mahali lilipo faili la .opf. Basi, tuendelee.

Hapa kwenye .opf tukae kidogo, maana ndio moyo wa kitabu. Sehemu ya manifest inaorodhesha mafaili ya maudhui ya kitabu: kurasa, picha, fonti. Sehemu ya spine inapanga kipi kisomwe kwanza na kipi kifuate. Sura isipotajwa kwenye spine, msomaji akifungua kurasa kwa mfululizo hataiona, hata kama faili lake lipo. Angalia pia dc:language, mahali panapotaja lugha ya kitabu. Kitabu cha Kiswahili kiandikwe sw. Wengi huacha en, halafu msikilizaji asiyeona anaweza kusomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Inaniuma sana hiyo, kwa sababu kuirekebisha ni herufi mbili tu.

Sasa tukipime kitabu. Pakua EPUBCheck, programu inayokagua makosa ya EPUB. Ni ya bure, ila kompyuta iwe na Java. Kwenye dirisha la amri (Terminal au Command Prompt), andika:

java -jar epubcheck.jar kitabu.epub

Majibu yakija, anza na FATAL, ndipo ERROR, WARNING baadaye. Usitishwe na orodha ndefu, kwani tagi moja isiyofungwa (alama kama <p> inayokosa </p>) inaweza kuzaa makosa mengi. Rekebisha la kwanza, pima tena.

Ukikuta kosa lenye namba RSC-007, kuna faili limetajwa lakini halikuonekana. Linganisha herufi kubwa na ndogo: Jalada.jpg na jalada.jpg ni mafaili mawili tofauti humu, hata kama Windows haikukulalamikia.

Orodha ikiisha, bado kuna kazi moja. EPUBCheck haijui kama sura ya tano imetangulia ya nne. Kifungue kwenye simu na kwenye kompyuta, upitie kurasa kwa macho yako, ukigusa kila kiungo cha yaliyomo.