Injini Iliyotoka Nayo Kiwandani: Mhadhara Kuhusu Kufufua Pikipiki Ndogo za Zamani

Walimu wangu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliofika leo hapa Jinja, nawashukuru kwa kunialika. Nitazungumzia pikipiki ndogo za zamani, hasa Honda za jamii ya Cub, yaani C50, C70 na C90, na nitatetea hoja moja tu: anayefufua pikipiki ya namna hii kwa mapenzi yake, wala si kwa kutafuta abiria, ana wajibu wa kuihifadhi injini iliyotoka nayo kiwandani kadiri chuma chenyewe kitakavyoruhusu.

Njia ya mkato inajulikana. Injini ya Cub imeshikwa kwenye fremu kwa boliti mbili, na injini mpya za sentimita za ujazo 110 zinazotengenezwa China kwa kufuata umbo hilohilo huingia mahali pake bila taabu kubwa. Dereva wa bodaboda anayesomesha watoto kwa pikipiki hiyo simlaumu hata kidogo akifanya hivyo, kwa maana kila siku inayopita pikipiki ikiwa imelala ni siku ya hasara kwake. Sisi tunaofanya kazi hii jioni na siku za mapumziko hatuna udhuru huo. Isitoshe, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya usajili, na anayeibadilisha bila kurekebisha kadi hujitafutia usumbufu siku ya kuuza au ya kukaguliwa.

Tukiitupa injini hiyo, tunatupa kiini cha pikipiki yenyewe. Mwaka 1958 Soichiro Honda na mshirika wake Takeo Fujisawa walitoa C100, pikipiki ya sentimita za ujazo 49 iliyoanzisha jamii hii, na Fujisawa alikuwa ametaka chombo ambacho mpeleka chakula wa Japani angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umebeba sinia. Ndiyo sababu klachi yake hujishika na kujiachia yenyewe kwa nguvu ya mzunguko, na ndiyo sababu mkono wa kushoto hauna kishikio cha klachi. Ilipofika 2017, jamii hiyo ya pikipiki ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100. Mtu akiifungua klachi hiyo kwa mara ya kwanza na kuona jinsi vyuma vichache vinavyofanya kazi kubwa namna ile, hatakuwa na haraka tena ya kuitupa.

Sasa tuje kwenye kazi. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la mtu kufungua injini siku ya kwanza. Pikipiki iliyolala ghalani miaka mingi mara nyingi haina ugonjwa wa injini, bali haina moto wa plagi, na chanzo chake ni platini, yaani swichi ndogo inayofunguka na kujifunga ili plagi itoe cheche. Katika C70 ya kuwashwa kwa kiki, umeme wa plagi hautoki kwenye betri, bali hutoka kwenye koili iliyo ndani ya magneto, kifaa cha sumaku kinachozalisha umeme injini inapozunguka, kwa hiyo betri ikiwa imekufa kabisa injini bado inaweza kuwaka. Nimewaona watu waking'oa nyaya zote na kununua betri mpya ya volti 6, na baada ya gharama hizo zote plagi ikabaki kavu bila cheche, kwa sababu nyuso za platini zilikuwa zimeota utando mwembamba wa kutu usioonekana kwa urahisi. Utando huo huondolewa kwa tupa laini, kisha kwa kipande cha karatasi ngumu iliyo safi, ili pasibaki mafuta wala unga wa chuma. Baada ya hapo nafasi ya platini hupimwa inapokuwa wazi kabisa, na iwe kati ya milimita 0.3 na 0.4. Nafasi hiyo si jambo dogo: ikipanuka, platini hufunguka mapema na cheche hutangulia wakati wake, ikipungua, cheche huchelewa, injini hupata joto na nguvu hupotea. Flaiwili, yaani gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, ina alama ya herufi F, na platini inapaswa kuanza kufunguka pale alama hiyo inapolingana na alama ya kwenye mwili wa injini. Asiye na kifaa cha kupimia aweke karatasi nyembamba sana katikati ya platini, aivute polepole huku akizungusha flaiwili, na pale karatasi inapoachiwa ndipo platini imefunguka. Kama kila kitu kiko sawa na cheche bado ni dhaifu, mshukiwa wa kwanza ni kondensa, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kilichounganishwa na platini, ambayo huzeeka hata ikiwa haitumiki.

Ikithibitika kwamba silinda imechakaa kweli, bado hatujafika mahali pa kukata tamaa. Silinda ya C70 ina upana wa milimita 47 ikiwa mpya, na pistoni zake za kuongeza, yaani zilizo kubwa kidogo kwa ajili ya silinda iliyopanuliwa kwa kuchongwa, hutengenezwa kwa hatua za milimita 0.25 hadi kufikia milimita 1 nzima. Mafundi wa vyuma wa Katwe, kule Kampala, wana uwezo wa kuichonga vizuri, lakini nawasihi mnunue pistoni kwanza, ndipo mpeleke silinda ikachongwe kwa kipimo cha pistoni iliyo mkononi. Anayeanza na kuchonga anaweza kuzunguka soko la vipuri la Kisekka lote akitafuta pistoni ya kipimo ambacho muuzaji hana. Mkiwa mmefungua upande wa kulia, safisheni chujio la wavu na kikombe cha klachi, kwani kikombe hicho ndicho kinachozungusha mafuta na kukamata uchafu, na kwa vumbi la barabara zetu za murramu hujaa matope meusi.

Kutu ni adui mwingine, hasa kwetu tunaokaa kandokando ya Ziwa Victoria ambako unyevu haupungui. Wengi hukimbilia brashi ya waya, ambayo hula chuma kizima pamoja na kilichooza. Mimi napendelea maji ya magadi na chaja ya betri ya gari: kifaa chenye kutu hufungwa kwenye waya wa hasi, kipande cha chuma cha kawaida kisicho na kazi hufungwa kwenye waya wa chanya, vyote viwili huzamishwa bila kugusana, na umeme huachwa ukiifanya kutu ilegee na kutoka. Kazi hii ifanyike nje penye hewa na mbali na moto, kwa sababu haidrojeni hutoka majini. Na kamwe msitumie chuma kisichoota kutu upande wa chanya, kwa kuwa huacha sumu kali ndani ya maji. Kwa aluminiamu njia hii haifai, maana magadi huila.

Kuhusu rangi sina mengi. Fremu iliyopakwa rangi mpya inang'aa, nami sikatai, ila mahali ambapo rangi ya kiwandani bado imeshika vizuri ningeiacha hata kama ina mikwaruzo. Keria zilizochomelewa ili kubeba magunia ziondolewe kwa uangalifu kwa kukata uchomeleaji wenyewe, si bati la fremu, kwa sababu fremu ya Cub ni bati lililokunjwa na halivumilii kukatwa mara mbili.

Injini ikishawaka, isiharakishwe. Ringi mpya zinahitaji mwendo wa wastani unaopanda na kushuka, mafuta ya injini yabadilishwe mapema, na nafasi ya valvu ipimwe tena injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.05 kwa zote mbili.

C70 iliyo mezani hapa nimeifungua kifuniko cha magneto, na karatasi nyembamba zipo pembeni. Karibuni mbele, watatu watatu, kila mmoja aitafute alama ya F mwenyewe, kisha nitapokea maswali.